KAMPUNI ZA SIMU NA WATENGENEZAJI PROGRAMU WA NJE

Baadhi ya wanafunzi wa shule hii wanajua kuandika programu za kompyuta, na mara kwa mara hunijia na swali ambalo ni zuri kuliko wanavyodhani. Huniuliza: Kwa nini huduma fulani ya simu ilizuka Japani, au Kenya, isizuke kwingine, na hali watu wenye akili wako katika kila nchi? Wengi hujijibu wenyewe kwamba sababu ni utajiri. Lakini Marekani ilikuwa tajiri kuliko Japani wakati Japani ilipoitangulia katika jambo hili, na Kenya haikuwa tajiri kuliko nchi yo yote ya Ulaya ilipoanza kutuma fedha kwa simu.

Mimi nadhani jawabu hupatikana zaidi katika masharti ya kampuni za simu. Kampuni ya simu ndiyo mwenye minara, mwenye namba, na mwenye kutoa hesabu ya malipo kila mwezi. Mtengenezaji wa nje ni mtu asiyeajiriwa na kampuni hiyo: labda kijana mwenye kompyuta moja, labda kampuni ndogo ya watu watano. Amebuni huduma nzuri, lakini hawezi kumfikia mteja ila kwa kupita katika njia ya mwenye minara. Basi yote yategemea mambo haya: je, ataruhusiwa kupita? Atatozwa kiasi gani? Na masharti ya leo yatakuwa yale yale kesho? Watu wengi hubishana sana juu ya lile la pili, yaani fedha. Kwa maoni yangu lile la mwisho ndilo linaloua huduma nyingi zaidi, na nitajaribu kuonyesha kwa nini.

Tuanze zamani kidogo, kabla ya simu za mkononi. Nchini Marekani kampuni ya AT&T ilikuwa na sheria kwamba mteja haruhusiwi kuunganisha na simu yake kifaa cho chote ambacho hakikutolewa na kampuni yenyewe. Sheria hiyo ilifuatwa kwa ukali wa kuchekesha. Palikuwa na kifaa kiitwacho Hush-A-Phone, mfano wa kikombe kilichopachikwa kwenye mdomo wa simu ili watu wa karibu wasisikie maneno ya msemaji. Hakikuwa na waya wala umeme, lakini kilipigwa marufuku, na ilibidi kesi ifike mahakama ya rufani, ambayo mwaka 1956 iliamua kwamba mtu ana haki ya kuitumia simu yake kwa namna imfaayo, madhali hawadhuru wengine.

Baada ya hapo alitokea Thomas Carter, mtu wa Texas. Huko kulikuwa na watu wa visima vya mafuta na wafugaji waliofanya kazi mbali sana na nyaya za simu, nao walitumia redio za kusemeshana. Carter alitengeneza kifaa cha kuwekea mkono wa simu, ili sauti ya simu iingie katika redio na sauti ya redio iingie katika simu. Akakiita Carterfone, na kati ya mwaka 1959 na 1966 aliuza vifaa kama 3,500. Kampuni ya simu iliwatisha wateja wake kwamba watakatiwa simu. Mambo yalifika mbele ya Tume ya Mawasiliano ya Marekani, nayo mwezi wa Juni, 1968, ikaamua kwamba sheria ile ya kampuni si ya haki, na kwamba mtu aweza kuunganisha kifaa chake iwapo hakiharibu mtandao.

Ushindi huo haukukamilika siku ile. Kampuni ilikubali vifaa vya wageni, lakini ikadai kwanza vipitie katika kisanduku cha ulinzi, ambacho kilikodishwa na kampuni hiyo hiyo kwa malipo. (Msomaji akumbuke ujanja huu, maana hurudi mara nyingi katika historia ya simu: mlango hufunguliwa, na kizingiti huinuliwa.) Ilichukua miaka mingine saba na zaidi kupata kanuni rahisi, kwamba kifaa kikishapimwa na kuandikishwa serikalini, mtu aweza kukichomeka ukutani mwake bila ya kumwomba mtu ruhusa. Ndipo zikaenea mashine za kupokea salamu, mashine za faksi, na modemu, yaani kile kifaa kilichowezesha kompyuta ya nyumbani kuzungumza na kompyuta nyingine kwa waya wa simu. Kampuni changa nyingi za intaneti za miaka ya 1990 zilisimama juu ya uamuzi ule wa 1968.

Sasa tuvuke bahari mpaka Japani, mwaka 1999, maana huko ndiko simu ya mkononi ilikogeuzwa kwanza kuwa chombo cha data kwa watu wa kawaida. Tarehe 22 Februari mwaka huo kampuni ya NTT DoCoMo ilianzisha huduma iitwayo i-mode. Mteja alilipa yen 300 kwa mwezi, na juu yake alilipia data kwa kipimo, yen 0.3 kwa kila pakiti ya baiti 128. Ukurasa wa baiti 2,048 ni pakiti 16, yaani yen 4.8. Huko Ulaya wakati ule mtu alitozwa kwa dakika, hata kama alikuwa anasoma tu na hakuna kitu kinachopita hewani. Mjapani aliweza kuusoma ukurasa wake polepole bila ya moyo kumdunda.

Lakini jambo la kujifunza hasa ni namna DoCoMo ilivyowatendea watu wa nje. Wakuu wa kazi ile, miongoni mwao Keiichi Enoki, Mari Matsunaga na Takeshi Natsuno, waliamua kwamba kampuni haitanunua habari wala michezo na kuiuza kama mali yake. Wenye huduma watauza wenyewe, na DoCoMo itawakusanyia malipo katika hesabu ya simu ya kila mwezi, na kwa kazi hiyo itachukua asilimia 9.

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili apige hesabu. Tuseme huduma yauzwa yen 300 kwa mwezi. Asilimia 9 ni yen 27, na mwenye huduma hubaki na yen 273. Akiwa na wateja 10,000 apata yen 2,730,000 kila mwezi. Kampuni ingechukua nusu, angebaki na yen 1,500,000. Tofauti ni yen 1,230,000, fedha za kuwalipa mishahara vijana kadhaa wa kuandika programu mpya. Asilimia ndogo ile ilikuwa ni mbegu iliyoachwa shambani.

Tena lugha ya kuandikia kurasa za i-mode ilikuwa ni ile ile ya kurasa za intaneti iliyopunguzwa kidogo. Aliyejua kuandika ukurasa wa kompyuta aliweza kujifunza kwa siku chache. Nchi za Magharibi zilikuwa zimechagua lugha nyingine ya peke yake, nayo ilimtaka kila mtu aanze upya.

Palikuwa na huduma za namna mbili. Zile rasmi ziliwekwa katika orodha ya DoCoMo baada ya kukaguliwa sana, nazo ndizo zilizokusanyiwa malipo. Zile zisizo rasmi zilikuwa za mtu ye yote. Mteja aliandika anwani kwa vidole vyake, ukurasa ukafunguka, na kampuni haikumzuia. Hizi za pili hazikuweza kutoza fedha kwa njia ya hesabu ya simu, na kwa hiyo nisiseme kwamba DoCoMo ilikuwa malaika. Lakini zilifika makumi ya maelfu, nyingi kuliko zile rasmi mara nyingi, na katika wingi huo watu walijaribu mambo ambayo hakuna karani wa kampuni ambaye angeyapitisha. Hata katika orodha rasmi kulitokea mambo ya ajabu. Bandai, watengenezaji wa vitu vya kuchezea, waliuza picha za vikatuni, picha mpya kila siku, kwa yen 100 kwa mwezi. Nani katika ofisi angaliamini kwamba watu wazima watalipia hayo? Walilipa. Watumiaji wa i-mode walipita milioni 10 katika Agosti 2000, na milioni 20 katika Machi 2001.

Mambo yalikuwaje Marekani katika miaka hiyo? Uamuzi wa Carterfone ulihusu simu za waya, na haukutumika kwa simu za mkononi. Kampuni za simu ziliuza simu zenyewe, zikachagua nini kionekane kwenye kioo, na kuifanya orodha yao kuwa kama bustani iliyozungushiwa ukuta. Mtengenezaji programu alilazimika kupatana na kila kampuni peke yake, kupimisha programu yake kwa kila aina ya simu, na kungoja. Mwaka 2004 Verizon Wireless iliuza simu ya Motorola V710 yenye Bluetooth, lakini baadhi ya kazi za Bluetooth zilikuwa zimefungwa, hata mwenye simu asiweze kuhamishia picha zake kwenye kompyuta kwa njia hiyo. Wateja wakaenda mahakamani. Mwaka 2007 kampuni hiyo hiyo ilipatana na Mwanasheria Mkuu wa New York juu ya huduma ya data iliyotangazwa kuwa haina kikomo, na kumbe waliotumia sana walikatiwa. Wateja walirudishiwa fedha, jumla dola milioni 1. Fikiri sasa habari ya mtu aliyetaka kuanzisha huduma ya muziki au sinema kwa simu. Angewezaje kutafuta mkopo benki, na hali hajui kama wateja wake watakatiwa mtandao kwa kosa la kuitumia huduma yake?

Ndiyo maana mwaka huo huo wa 2007 profesa wa sheria Tim Wu aliandika kwamba kanuni ya Carterfone ipelekwe katika simu za mkononi. Serikali ilifanya hivyo kwa sehemu tu, kwa kuweka sharti la kukubali vifaa na programu za nje juu ya fungu moja la masafa ya redio lililonadiwa mwanzoni mwa 2008. Ukuta hasa ulibomolewa kutoka upande mwingine. Mwezi wa Julai, 2008, Apple ilifungua duka lake la programu za iPhone, likiwa na programu kama 500, na mtengenezaji akapewa asilimia 70 ya bei. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki, maana walizoea kubaya zaidi. Lakini mlinda mlango alikuwa amebadilika jina tu. Programu za kupiga simu kwa intaneti hazikuruhusiwa kupita katika mtandao wa 3G wa AT&T mpaka kampuni ilipokubali katika Oktoba 2009, na programu ya Google Voice haikukubaliwa katika duka lile mwaka 2009, hata Tume ya Mawasiliano ikaziandikia barua kampuni zote tatu kuuliza sababu. Na asilimia 30 ya Apple, msomaji ailinganishe mwenyewe na asilimia 9 ya DoCoMo.

Haya ni ya mbali. Tuje kwetu Afrika Mashariki, ambako mambo yana sura nyingine kwa sababu ya simu ndogo zisizo na intaneti. Wengi wetu tunaijua ile menyu inayofunguka ukibonyeza nyota, tarakimu, na reli. Ni chombo bora sana. Haihitaji intaneti, hufanya kazi katika simu ya bei ndogo kabisa, na kioo kimoja huchukua herufi 182. Lakini ina tabia moja ambayo ukurasa wa intaneti hauna. Ukurasa wa intaneti waweza kuuweka po pote duniani, na mtu aandikapo anwani ataufikia. Menyu ya nyota na reli haipo ila kampuni ya simu ikupe namba na kuiunganisha na kompyuta yako, na kila mara mtu aifunguapo kuna ada, ama kwake ama kwako. Hapa hakuna njia ya uchochoroni.

Safaricom ya Kenya ilianzisha M-Pesa katika Machi 2007, na Vodacom ikaileta kwetu Tanzania mwaka uliofuata. Sifa zake zimeandikwa sana, na sina haja ya kuzirudia. Ninalotaka kulieleza ni taabu ya watu wa nje katika miaka ya mwanzo. Mfanya biashara wa Nairobi aliyetaka kompyuta yake itambue kwamba mteja fulani amelipa, hakuwa na mlango rahisi wa programu kuuliza habari hiyo. Basi vijana walifanya nini? Walichukua simu, wakaiunganisha na kompyuta kwa waya, wakaandika programu ya kusoma ule ujumbe mfupi wa kuthibitisha malipo: jina hapa, kiasi hapa, namba ya shughuli hapa. Ilikuwa werevu, nami huwasifu. Lakini maneno ya ujumbe yakibadilishwa hata kidogo, programu huanguka. Chaji ya simu ikiisha usiku, malipo ya usiku hayaonekani. Na mdanganyifu akitunga ujumbe unaofanana, mzigo hutoka dukani bila ya fedha kuingia. Akili nyingi ya vijana wa nchi nzima ikaenda katika kuziba pengo ambalo kampuni ingaliweza kuliziba kwa kufungua mlango mmoja. Mlango ukaja polepole. Mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya, na mlango kwa programu za nje ukaanza kufunguliwa. Mwaka 2017 ukatolewa mlango ulio rahisi zaidi, ukaitwa Daraja. Ni jina zuri, ijapokuwa lilikuja miaka kumi baada ya mto.

Wenye nguvu hawakungoja. Benki ya Equity, kwa kupitia kampuni yake ya Finserve, ilipata leseni mwaka 2014 ya kutoa huduma ya simu kwa kukodi mtandao wa Airtel, ikagawa laini nyembamba kama karatasi inayobandikwa juu ya laini ya kawaida. Safaricom ilisema jambo hilo ni hatari kwa usalama, na wakuu wa mawasiliano wakaruhusu lijaribiwe kwanza kwa mwaka mmoja. Benki kubwa yaweza kujigeuza kampuni ya simu ili isiombe ruhusa. Kijana mwenye kompyuta moja hawezi.

Nitaje na yetu. Klabu yetu ya kompyuta ilitaka wazazi wapate matokeo ya mitihani kwa kutuma namba ya mwanafunzi kwenye namba fupi. Programu iliandikwa na wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu katika majuma mawili, na ilifanya kazi. Kampuni moja ya simu, ambayo sitaitaja, ilitaka cheti cha kampuni iliyoandikishwa, amana ya fedha ambayo ilizidi fedha zote za klabu, na kungoja miezi kadhaa. Na hiyo ilikuwa ni kampuni moja tu, kwani wazazi hutumia laini za kampuni mbalimbali, na kila moja ina fomu zake. Wanafunzi wakaijaribu kwa laini ya kawaida. Siku ya pili laini ikafungwa kwa kutuma ujumbe mwingi mno. Hakuna aliyetuambia kikomo ni ujumbe wangapi, na nilipouliza niliambiwa kwamba hilo ni siri ya kazi.

Hata hivyo yatupasa kuwa waadilifu kwa upande wa pili. Mnara hugharimu fedha nyingi, na anayeujenga ana haki ya kupata faida. Wako wezi wanaotumia namba fupi kuwatoza watu huduma ambazo hawakuziomba, na wako wanaotuma ujumbe wa uongo kwa maelfu. Kampuni isiyokagua cho chote itawaacha wateja wake mikononi mwa watu hao. DoCoMo yenyewe ilikagua. Tofauti ni kwamba ilikagua kwa kanuni zilizoandikwa, ada yake ilijulikana kabla ya mtu kuanza kazi, na aliyekataliwa alibaki na njia ya pili ya kuufikia umma. Ni nadra kusikia mtengenezaji akilalamika juu ya ukaguzi ambao anaujua tangu mwanzo.

Liko jambo jingine, nalo ni la vifurushi. Kampuni nyingi barani Afrika zimeuza kifurushi cha bei ndogo ambacho hufungua programu moja au mbili za kigeni zenye jina kubwa, na hakifungui kitu kingine. Mwanafunzi mwenye kifurushi hicho hupata Facebook, lakini hawezi kufungua ukurasa wa masomo ulioandikwa na jirani yake. Jirani huyo hakukatazwa kitu. Hakuna barua wala amri, ila wateja hawafiki. India ililiona jambo hili, na tarehe 8 Februari, 2016, mamlaka yake ya mawasiliano ilikataza kampuni kutoza bei tofauti kwa data kufuatana na ukurasa unaosomwa.

Sasa zoezi kwa wanaopenda hesabu. Tarakimu hizi nimezitunga. Huduma ya bei za mazao huuzwa shilingi 100 kwa mwezi kwa menyu ya nyota na reli. Kampuni A huchukua asilimia 9 ya malipo, na humtoza mwenye huduma shilingi 2 kila mara menyu inapofunguliwa. Kampuni B huchukua asilimia 40, wala haitozi kitu kingine. Mkulima akifungua menyu mara ngapi kwa mwezi ndipo mwenye huduma ataanza kupata faida zaidi kwa kampuni B? Na swali la pili, ambalo halina tarakimu: Kampuni A ikiweza kuibadili ile shilingi 2 kwa taarifa ya siku saba, wewe ungechagua ipi? Majibu yaletwe chumba cha klabu kabla ya kufunga shule, yakiwa na jina na kidato.